Kunguru wa Portal na sisimizi wa baba mdogo

Leo ninawaletea historia, ijapokuwa mimi ni mtu wa jembe na bota. Munivumilie. Hii historia ilianza na swali niliulizwa kwetu Kamango, mbele ya watu wazima 12, na nikakosa jibu. Miaka 5 ya université, lisansi ya agronomia iko ndani ya bahasha, na jibu hakuna.

Ilikuwa mwisho wa msimu wa kakao. Baba mdogo alikusanya wapanda kakao wa upande wetu chini ya mwembe. Wale wanaojua Watalinga wanajua kakao ni nini kwetu: njo minervali ya watoto, njo mabati ya nyumba, njo mahari. Sasa kakao ilikuwa mbaya. Matunda mengi yalikuwa na madoa meusi, machipukizi yalikuwa yamekauka kama yamepitiwa na moto. Ni kazi ya vidudu vinavyofyonza, vile tuliosoma tunaviita miride. Dawa yake inajulikana: kupogoa, kuondoa matunda yaliyooza, kupanga kivuli vizuri, na kama ni lazima, kupiga dawa na pompi ya mgongoni.

Lakini hiyo dawa inaomba kitu kimoja ambacho hatuna: mtu awe shambani kila mara. Kwetu kuna mashamba ambayo mwenyewe anayaona mara moja kwa mwezi, anaingia saa tatu, anatoka saa sita, akiwa anasikiliza kila jani linalotikisika. Watu waliuawa wakiwa kwenye kakao yao. Kwa hiyo kakao inabaki peke yake, na kidudu kinafurahi.

Hapo njo baba mdogo alitoa simu yake. Alituonyesha video ya sisimizi wadogo sana, wekundu-wekundu, wamejaa kwenye mti wa kakao. Mmoja wa wapanda kakao ana shemeji anayefanya biashara Douala, Kamerun. Shemeji anasema kule wazee waliwahi kutumia sisimizi hao kufukuza miride, na anaweza kuwaleta ndani ya boksi la biskuti. Baba mdogo akanigeukia:

"Weye njo tulikusomesha. Sisimizi hawakimbie vita. Ukiwaweka shambani, wanabaki wanalinda hata kama sisi tumekimbilia Nobili. Utuambie: tuwalete ao tuache?"

Ile maneno, "sisimizi hawakimbie vita", ilinifunga kinywa. Niliomba wanipe wiki mbili. Mzee mmoja akacheka: "Diploma haijue sisimizi!" Watu wakacheka naye, na mimi pia nikacheka ili aibu ipungue.

Hizi ndizo nilizozipata katika zile wiki mbili.

JINA LA MJI TUNAOUJUA

Mwezi wa saba mwaka 2013, nilipokuwa na miaka 16, Kamango ilishambuliwa na ADF. Watu zaidi ya 60,000 tulivuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda. Wengi wetu tangu siku hizo tunaijua ile njia: Nobili, Bundibugyo, halafu unazunguka mlima hadi Fort Portal. Nimepita Fort Portal mara nyingi kununua vitu, na sikuwahi kujiuliza Portal ni nani.

Kumbe Portal ni mtu. Sir Gerald Portal, Mwingereza, alifika Uganda mwaka 1893 kama mjumbe wa serikali yake, na mwaka 1894 akafa akiwa bado kijana. Lakini kabla ya Uganda alikuwa mkubwa wa Waingereza Zanzibar, kisiwa ambacho kiliingia chini ya ulinzi wao mwaka 1890. Na Zanzibar anakumbukwa kwa jambo jingine kabisa: kunguru.

Mji wa Zanzibar wakati ule ulikuwa na shida ya takataka. Bandari kubwa, watu wengi, mabaki ya samaki na ya chakula kila mahali. India, ambako Waingereza walikuwa wamekaa miaka mingi, kulikuwa na ndege mmoja mweusi mwenye shingo ya kijivu, mwerevu, anayekula uchafu wote wa mitaani. Wazo likaonekana zuri: walete ndege, asafishe mji bila mshahara. Karibu mwaka 1891 Portal aliomba ndege hao kutoka India, na wakaletwa kama 50.

Mimi kama mtu wa kilimo, ninaona kosa pale pale, lakini ni rahisi kuliona baada ya miaka 130. Kunguru hakuwa na adui kisiwani. Hakuwa na chakula kimoja, anakula kila kitu. Na kile kilichoitwa kazi yake ndicho kilikuwa chakula chake. Yaani takataka hazikuisha, zilimlisha. Mji ulipokua, takataka ziliongezeka. Takataka zilipoongezeka, kunguru waliongezeka. Na kunguru aliyeshiba takataka bado ana nafasi tumboni ya yai la ndege mwingine, kifaranga cha kuku, embe na pawpaw la mtu.

Kabla hata miaka 30 haijapita, serikali ileile ilikuwa inalipa pesa kwa mtu anayeleta kunguru aliyekufa. Haikusaidia. Ndege akavuka bahari. Mnamo 1947 alionekana Mombasa, akashika pwani yote, Dar es Salaam naye akajaza miti. Ndege wadogo wa mijini wakapungua juu mayai na makinda yao yanaibiwa. Watu wa pwani wakampa jina ambalo ni kama hukumu kwa kisiwa: kunguru wa Zanzibar. Wazanzibari wenyewe hawakumuomba, lakini jina ni lao.

Katika miaka ya 1990 Zanzibar walifanya kampeni kubwa ya mitego na sumu, kunguru wakapungua sana. Kampeni ikasimama, kunguru wakarudi. Na mwaka 2024, wakubwa wa wanyamapori wa Kenya walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Hesabuni wenyewe: 50 waliingia kwa barua moja, milioni moja wanatolewa kwa sumu, na bado hakuna anayeahidi kwamba wataisha. Hiyo sumu nayo ina historia. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege mwingine wa kigeni, kwezi wa Ulaya, aliyeachiliwa katika bustani moja ya New York mwaka 1890. Mwaka mmoja tu kabla ya kunguru wetu. Watu wa wakati ule walikuwa na imani kwamba mnyama ni kama samani: unamtoa chumba hiki, unamweka kile.

KONOKONO WETU, ASKARI WAO

Mara nyingi katika historia hii sisi Waafrika ndio tunaletewa. Lakini kuna safari moja sisi ndio tulitoa. Konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki alichukuliwa na watu, akapita visiwa vya Bahari ya Hindi, akafika India katika karne ya 19, halafu visiwa vya Pasifiki. Kule akawa balaa la bustani.

Wataalamu wa kilimo, watu kama mimi na weye, wakatafuta askari. Katika miaka ya 1950 walichukua konokono wadogo wanaokula konokono wenzao, mmoja akitoka Kenya, upande wa Kibwezi, na kuwapeleka Pasifiki. Mwaka 1955 Hawaii wakamleta mwingine kutoka Florida, konokono mwenye mwendo wa haraka na rangi ya waridi. Baadaye, katika miaka ya 1970, huyo wa Florida akapelekwa Tahiti na Moorea.

Yule askari alifika, akamtazama konokono mkubwa wa Afrika, akamuona ni mgumu. Pembeni kulikuwa na konokono wadogo wa miti, wapole, ambao wako paka kwenye visiwa vile na hakuna kwingine duniani. Akala hao. Zaidi ya aina 50 zilipotea kule porini. Aina, si konokono 50. Konokono wa Afrika bado yuko.

Hapa nilianza kuogopa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na diploma kuliko mimi.

SISIMIZI WENYEWE

Sasa tufike kwa sisimizi wa shemeji. Nilipoona video mara ya pili, nikatafuta, nikakuta kwamba shemeji hakudanganya. Yule sisimizi mdogo mwekundu asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Alifika Gabon karibu mwaka 1914, akasambaa hadi Kamerun. Na ni kweli kabisa: kule Kamerun wapanda kakao walihamisha vichuguu vyake kwa makusudi, wakaviweka kwenye mashamba yao ili kufukuza miride. Wataalamu waliandika jambo hilo katika miaka ya 1960. Miride walipungua. Kwa hiyo kama baba mdogo angeniuliza paka swali moja, "wanafukuza miride ao hapana?", ningejibu ndiyo.

Lakini shamba haliulize swali moja.

Kwanza, sisimizi huyo anauma. Ni mdogo kama chembe ya ulezi, humuoni, lakini akikuingia kwenye shingo wakati unavuna, ngozi inawaka kama moto. Pale walipojaa, wavunaji wanakataa kupanda. Fikirini kwetu, ambako mtu ana saa tatu tu za kuvuna kabla ya kutoka shambani, na sasa sisimizi wanamfukuza nusu saa ya kwanza.

Pili, ana mifugo yake. Anapenda maji matamu yanayotoka kwa vidudu vingine vinavyofyonza mti, vile vyeupe na vya magamba. Anavilinda kama vile mfugaji analinda ng'ombe, anafukuza wadudu wanaovila. Kwa hiyo unatoa mfyonzaji mmoja, unafuga mwingine.

Tatu, haishi na wenzake. Pale alipoingia katika misitu ya Gabon, sisimizi wa kienyeji walipungua sana. Kule pia watafiti wamewaza kwamba ndiye anawaumiza macho wanyama, wakiona paka wa nyumbani na hata tembo wenye macho yenye ukungu katika sehemu alizojaa.

Na nne, hili lilinimaliza: haheshimu mpaka wa shamba. Baba mdogo akiweka boksi kwake, jirani hataulizwa. Wala mtoto wa jirani ambaye bado hajazaliwa.

MARA MOJA ILIFANIKIWA, NA NI KWETU

Wandugu, hapa ningeweza kumaliza na kusema: kila mnyama wa kigeni ni mbaya, kwaherini. Lakini ningekuwa mwongo, na tumbo langu lingenishitaki, juu ninakula sombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidudu cheupe kama unga kilionekana kwenye mihogo, upande wa Kinshasa na Brazzaville. Watanzania wanakiita kidung'ata. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe, na hapa kilifika bila adui zake. Kilikuwa kinakunja ncha ya mti, majani yanabaki kama ngumi. Hakuna sombe, na mizizi inabaki midogo. Katika miaka kama 10 kikashika sehemu kubwa ya ukanda wa muhogo wa Afrika. Tunazungumza juu ya chakula cha watu milioni 200 hivi.

Watu wa kituo cha utafiti cha IITA, kule Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi mmoja, Hans Rudolf Herren, wakaamua kutafuta adui wa kidudu kule kilikotoka. Hata wao walianza kwa kukosea njia: upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini kulikuwa na kidudu kinachofanana nacho, lakini hakikuwa kile. Hapa watu wa haraka wangesema "inafanana, tulete". Wao waliendelea. Mwaka 1981 kidudu chenyewe kilipatikana Paraguay, na pamoja nacho nyigu mmoja mdogo sana, asiyeuma mtu.

Nyigu huyo anataga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, mtoto anakula kidudu kutoka ndani. Na karibu maisha yake yote yanategemea kidudu hicho kimoja. Hata hivyo hawakumtia kwenye boksi la biskuti. Alipelekwa kwanza London, akafungiwa, akachunguzwa kama ana magonjwa, kama anabeba vimelea vyake, kama atageukia wadudu wengine. Ndipo akapelekwa Nigeria, akaachiliwa mwaka huohuo 1981, na baadaye nchi zaidi ya 20, yetu ikiwemo. Kidung'ata hakikuisha, ila kilishuka hadi muhogo ukaweza kuvumilia. Vidudu vikipungua, nyigu nao wanapungua, juu hawana chakula kingine. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mama zetu wanaotwanga sombe hawakumsikia.

Weka sasa kunguru na nyigu pembeni kwa pembeni. Wote wawili ni wageni, wote wawili waliletwa kwa nia njema. Kunguru anakula kila kitu, nyigu anakula kitu kimoja. Kunguru aliletwa kwa barua ya mkubwa mmoja, nyigu alipita mikono ya watu wengi waliokuwa na ruhusa ya kusema hapana. Kunguru aliletewa shida ambayo watu wenyewe wangeweza kuimaliza kwa fagio na mkokoteni. Kidung'ata hakikuwa na fagio.

NILIYOYASEMA CHINI YA MWEMBE

Nilirudi Kamango. Nikawaeleza habari ya kunguru, na walipenda sana ile ya Fort Portal. Nikawaeleza ya sisimizi wa Kamerun, wakanyamaza. Halafu baba mdogo akauliza swali nililokuwa ninaliogopa:

"Sawa. Umetunyang'anya sisimizi. Sasa nani atalinda kakao yangu?"

Jibu langu lilikuwa dogo, na ninawaambia nyinyi vilevile. Kule Zanzibar, kisiwa kilekile cha kunguru, kuna sisimizi wekundu wakubwa wanaoshona majani ya mti kuwa nyumba. Wenyeji wanawaita majimoto. Katika miaka ya 1950 watafiti walichunguza minazi kule, wakaona kwamba mnazi wenye majimoto unapata nazi, na mnazi usio nao unashambuliwa na mdudu anayefyonza nazi changa hadi zinaanguka. Hakuna aliyewaleta. Ni wa Afrika, walikuwepo. Na Ghana wameonekana wakisaidia kakao dhidi ya miride pia.

Hao sisimizi wako kwetu. Nilinyoosha kidole juu: kulikuwa na nyumba yao moja ya majani kwenye mwembe tuliokuwa tumekaa chini yake.

Baba mdogo aliangalia juu kwa muda mrefu. "Kwa hiyo tulilipa miaka 5 ili uje kuniambia nitafute sisimizi walio juu ya kichwa changu?"

"Ndiyo, baba."

Walicheka kuliko siku ya kwanza, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine. Sikuwadanganya. Niliwaambia majimoto nao wanauma, nao pia wanafuga vidudu vingine, na kupogoa bado kunabaki kazi. Hawatamaliza shida. Tofauti yao ni kwamba msitu wetu unawajua, una adui zao, una mipaka yao. Wakikosea, kosa halitavuka mto Lamia. Tulichagua mistari 2 ya kakao ya baba mdogo, tukafunga vitambaa kwenye miti, tukahamishia nyumba chache za majani kutoka mitini jirani. Tutahesabu matunda mistari hii na mistari mingine, msimu huu na unaofuata, kama usalama utaturuhusu kuingia. Sina matokeo ya kuwaonyesha leo.

Na haijaisha. Yule mwenye shemeji hakusema kitu siku ile. Baadaye nilisikia kwamba boksi bado linazungumzwa. Shamba lake liko mbali kuliko la baba mdogo, na amepoteza mengi kuliko sisi wote. Sina haki ya kumuita mjinga. Mtu ambaye hawezi kuingia shambani kwake atakubali mlinzi yeyote, hata asiyemjua. Hapa mpakani hakuna anayefungua boksi la biskuti kutafuta sisimizi, na yeye anahitaji paka boksi moja.

Jumamosi nitaenda kwake. Sitabeba diploma. Nitabeba makasi ya kupogoa, na nitamuomba anionyeshe mti wake mmoja. Nyinyi mliosoma kilimo na muko vijijini, Oicha, Mangina, Lubero, popote: mutu akija kwenu na mnyama ndani ya boksi na nia njema moyoni, musimcheke kwanza. Mumuulize mnyama huyo anakula nini kingine, na kama tukijuta, nani atamtoa.